Karanga Safi kwa Macho, Hatari kwa Ini: Nani Anaiamrisha Kuvu Itengeneze Sumu?

Anayenunua karanga Owino au Kisenyi, jijini Kampala, hachukui kilo bila kukagua. Huchota kiganja kimoja, hupuliza maganda, huokota punje iliyonyauka na kuitupa, huokota yenye vumbi la kijani na kuitupa nayo, ndipo anamwambia muuzaji apime. Desturi hiyo ni nzuri na imeokoa ini za watu wengi. Lakini ina mpaka, na mpaka wenyewe hauelezwi vya kutosha. Punje inaweza kufunikwa na kuvu pande zote na isiwe na aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, hata kidogo. Nyingine inaweza kuonekana nzima, ngozi yake nyekundu imeshika vizuri, kumbe ndani imebeba sumu ya kutosha kuharibu gunia zima.

Hilo la gunia si kutia chumvi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni mikrogramu 10 za aflatoksini katika kila kilo, yaani gramu moja tu katika tani 100. Punje moja ya nusu gramu iliyoshambuliwa vibaya imewahi kukutwa na zaidi ya nusu miligramu ya sumu hiyo. Piga hesabu: punje hiyo peke yake, ikisagwa pamoja na nyenzake, inafikisha kilo 50 kwenye kikomo cha sheria.

Kwa nini basi macho yanadanganyika? Kwa sababu kwa kuvu, kukua ni jambo moja na kutengeneza sumu ni jambo jingine. Jeni zinazohusika ni tofauti na ishara zinazoziamsha ni tofauti. Hata joto linalofaa si moja: kuvu inayohusika, Aspergillus flavus, hukua kwa kasi zaidi kwenye nyuzijoto 35 hadi 37 za Selsiasi, lakini aflatoksini huitoa kwa wingi kwenye 28 hadi 30. Sisi tunaokula binyebwa (mchuzi wa karanga), odii (karanga au simsim ya kusagwa) na posho (ugali) karibu kila siku tunastahili kuelezwa mambo haya kwa kina. Ushauri tunaopewa (kausha, chambua, usiweke gunia sakafuni) huja kama amri tupu, na mtu asiyeelezwa sababu huacha kuufuata mara mwaka mmoja unapopita bila mgonjwa nyumbani.

Uganda ilikuwamo tangu mwanzo

Mwaka 1960 nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Uchunguzi uliwapeleka wataalamu kwenye chakula cha ndege hao, hasa mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Wakaanza kupima karanga za nchi nyingine, na mwaka 1961 walipofanikiwa kuitenga kuvu yenyewe, waliipata katika sampuli ya karanga za Uganda zilizokuwa na sumu kali. Ikatambuliwa kuwa Aspergillus flavus, na sumu yake, ambayo hung'aa kwa rangi ya buluu au kijani chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, ikaitwa aflatoksini.

Miaka michache baadaye watafiti walizunguka Uganda wakikusanya vyakula vilivyokuwa vimehifadhiwa na familia kati ya mavuno na mavuno. Walipata sampuli 480 katika mwaka 1966 na 1967. Matokeo yalichapishwa 1971: 29.6% ya sampuli zilikuwa na aflatoksini inayopimika, na sumu hiyo ilionekana mara nyingi zaidi kwenye maeneo yenye saratani ya ini nyingi, Karamoja ikiwa mojawapo. Mwaka mmoja kabla ya hapo iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 15, hapa hapa Uganda, aliyekufa kwa kuharibika ini baada ya kula mihogo iliyoota kuvu. Mihogo iliyobaki nyumbani kwao ilipopimwa ilikutwa na miligramu 1.7 za aflatoksini kwa kilo, mara 170 ya kikomo cha leo.

Kwa hiyo Wakenya walipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania mwezi Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni mpakani Busia na Malaba, tatizo halikuwa geni. Zuio lenyewe lililegezwa siku chache baadaye kwa masharti. Kuvu haikulegea.

Maisha ya uzi

Aspergillus ni kuvu ya nyuzi. Mwili wake wote ni nyuzi nyembamba, upana wake sehemu chache za elfu za milimita, zinazorefuka kwenye ncha na kujigawa matawi. Haina mdomo wala tumbo. Inachofanya ni kumwaga vimeng'enya nje ya mwili, kuyeyusha wanga, mafuta na protini pale ilipo, kisha kunyonya kilichoyeyuka. Chakula chake kikiwa kimeshameng'enywa hadharani namna hiyo, bakteria, kuvu nyingine na wadudu wote wanaweza kukidokoa. Na yenyewe haiwezi kukimbia wala kupigana kwa nguvu. Imebaki na kemia.

Ndiyo maana kuvu za nyuzi zimekuwa stadi wa kutengeneza kemikali ambazo si za lazima kwa kukua, lakini zinasaidia kuishi katikati ya majirani wakali. Wanasayansi huziita mazao asilia. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, ni mojawapo. Siklosporini inayomsaidia mtu aliyepandikizwa figo asiikatae ni nyingine, na imetoka kwa kuvu ya udongo iitwayo Tolypocladium inflatum. Lovastatini, dawa ya kushusha lehemu, inatoka kwa Aspergillus terreus, ndugu wa karibu wa ile inayoharibu karanga zetu. Aflatoksini imo katika kundi hilo hilo. Tofauti kati ya dawa na sumu hapa ni suala la nani anaimeza na inagusa nini mwilini mwake. Namna ya kutengenezwa inafanana sana.

Jeni zilizokaa pamoja

Kwa viumbe wengi wenye kiini cha seli, jeni zinazofanya kazi moja huwa zimetawanyika huku na huko kwenye kromosomu. Kuvu za nyuzi zina tabia tofauti, nayo ndiyo iliyorahisisha utafiti wote huu: jeni za kutengeneza zao moja mara nyingi zimekaa jirani, zimebanana kwenye kipande kimoja cha kromosomu. Nenda kwenye mashine za unga Kisenyi uone mahindi yanavyoingia upande mmoja, yanakobolewa, yanasagwa, yanapakiwa, yote chini ya paa moja, na umeme wa wote unatoka swichi moja. Kundi la jeni liko hivyo.

Kundi la aflatoksini liko karibu na ncha ya kromosomu ya 3. Urefu wake ni kama herufi 75,000 za vinasaba na lina jeni kati ya 25 na 30. Kazi huanza na vimeng'enya viwili vinavyounda kipande kifupi cha mafuta chenye kaboni sita. Kipande hicho hukabidhiwa kimeng'enya kikubwa, ambacho jeni yake inaitwa aflC, nacho hukirefusha kwa kuongeza kaboni mbili mbili mara saba, kisha hukikunja kuwa pete. Kinachotoka ni asidi ya norsoloriniki, ambayo ina rangi ya chungwa.

Rangi hiyo imekuwa na faida kubwa sana kwa watafiti. Aflatoksini yenyewe haionekani kwa macho, na hatua nyingi za kati hupita upesi mno. Lakini ikipatikana kuvu ambayo jeni inayofuata imeharibika, kazi inakwama pale pale, asidi hiyo inarundikana, na nyuzi kwenye sahani ya maabara zinakuwa za rangi ya chungwa. Mtu anageuza sahani, anatazama chini yake, na bila mashine yoyote anajua kundi la jeni limewashwa au limezimwa. Kwa njia hiyo hatua zilifuatiliwa moja baada ya nyingine: averantini, averufini, vesikolorini, kisha sterigmatosistini ambayo yenyewe ni sumu, na mwisho aflatoksini B1. Kuvu nyingine, Aspergillus nidulans, ina karibu kundi hilo hilo lakini inaishia kwenye sterigmatosistini. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu swichi za kundi hili yalijifunzwa kwake, kwa sababu ni rahisi kuizalisha kwa kupandanisha na haina sumu ya mwisho inayowahatarisha wanaoishika.

Jambo jingine: kuvu hairuhusu kazi hii ifanyike ovyo ndani ya seli yake. Hatua za mwisho hufanyika ndani ya vifuko vidogo vilivyofungwa, ambavyo husafiri hadi ukingoni mwa seli na kumwaga sumu nje.

Swichi juu ya swichi

Ndani ya kundi lenyewe kuna jeni iitwayo aflR. Protini yake haitengenezi chochote. Kazi yake ni kushika vinasaba mwanzoni mwa kila jeni ya kundi na kuiamuru isomwe. Ina msaidizi, aflS, aliye jirani kabisa. Bila aflR, jeni nyingine zote hulala hata kama ni nzima. Joto likipanda hadi 37, uwiano kati ya hawa wawili huvurugika na sumu hupungua, ilhali nyuzi zinaendelea kutanda. Hapo ndipo unapoona kwa nini kuvu nyingi si lazima iwe sumu nyingi.

Lakini aflR nayo haijiamuru. Mwaka 2004 Jin Woo Bok na Nancy Keller, huko Marekani, walieleza protini waliyoiita LaeA. Walipoiondoa kwa Aspergillus nidulans, haikupotea kemikali moja tu: sterigmatosistini ilitoweka, penisilini ilishuka, na hata rangi za kuvu zilibadilika. Protini moja ilikuwa inashikilia makundi mengi ya jeni kwa mpigo. Kazi yake inahusu namna vinasaba vinavyofungwa. Uzi wa vinasaba umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na pale unapobanwa sana hakuna kimeng'enya kinachoweza kuusoma. LaeA husaidia kulegeza sehemu zilizobanwa, kisha histoni za eneo hilo hupachikwa alama za kemikali zinazoliacha wazi, na alama hizo husambaa katika kundi lote.

Mwaka 2008 ilibainika kwamba LaeA hufanya kazi ikiwa imeungana na protini nyingine mbili, VeA na VelB. Hapa mwanga unaingia. Kwenye giza, VeA huingia kwa wingi katika kiini cha seli, huungana na wenzake, na uzalishaji wa kemikali huwashwa. Kwenye mwanga, sehemu kubwa ya VeA hubaki nje ya kiini, na kuvu huelekeza nguvu kwenye kutoa spora, chembe zake za uzazi zinazopeperushwa na upepo. Aspergillus flavus isiyo na VeA haitoi aflatoksini, wala haitengenezi sklerotia, yale mabonge meusi magumu ambayo huiwezesha kungoja udongoni msimu mbaya upite.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaeleza mengi. Sumu na mabonge ya kungojea yanatawaliwa na swichi moja. Tukitazama kwa jicho la kuvu, aflatoksini ni sehemu ya maandalizi ya maisha magumu: giza, ukame, njaa ya naitrojeni, wadudu.

Kwa nini wadudu? Mwaka 2017 jaribio lililotumia viluwiluwi vya inzi wa matunda lilionyesha kwamba kuvu zenye aflatoksini zilistawi kuliko zisizo nayo pale tu viluwiluwi vilipokuwepo. Vilipoondolewa, faida hiyo haikuonekana. Wadudu hula chakula cha kuvu na huila kuvu yenyewe, na sumu inaonekana kuwa ada ambayo kuvu inalipa ili waiache. Sisi na mifugo yetu tuliingia katika ugomvi usiotuhusu.

Mazungumzo ya kemikali

Kuvu hupokea habari kutoka kwa majirani pia, na kwangu hapa ndipo penye mambo mazuri kuliko yote.

Anza na Neurospora crassa, kuvu ya rangi ya chungwa inayopenda kuota kwenye mimea iliyoungua moto. Ndiyo iliyotumiwa na George Beadle na Edward Tatum mwaka 1941 kuonyesha kwamba jeni husimamia vimeng'enya, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 1958. Spora mbili za Neurospora zikiota karibu, vijinyuzi vyao hugeukiana, husogeleana na kuungana kuwa mwili mmoja. Zinajuanaje? Watafiti walizitia protini zinazong'aa na kuzitazama kwa darubini. Kwenye ncha ya kijinyuzi cha kwanza ikakusanyika protini moja, huku kwenye ncha ya pili ikikusanyika nyingine. Baada ya dakika chache zikabadilishana. Kisha zikabadilishana tena. Inaelekea moja hutuma ishara wakati nyingine inapokea, halafu zinapeana zamu, mpaka zigusane. Kama zote zingetuma kwa pamoja, kila moja ingeipokea ishara yake yenyewe na kudhani imempata mwenzake.

Kwa Aspergillus flavus, ishara muhimu ni mafuta yaliyounganishwa na oksijeni, yaitwayo oksilipini. Spora chache zikipandwa kwenye sahani, kuvu hutengeneza sklerotia nyingi na aflatoksini nyingi. Zikipandwa nyingi sana, inabadili mwelekeo: spora zinaongezeka, sklerotia na sumu vinapungua. Jeni za kutengeneza oksilipini zikiharibiwa, kuvu hupoteza uwezo wa kujua ipo katika umati au ipo peke yake.

Na mmea nao hutoa oksilipini. Mbegu ya karanga au hindi ikijeruhiwa, vimeng'enya vyake huongeza oksijeni kwenye asidi ya linoleiki, aina ya mafuta iliyomo ndani yake, ama mahali pa kaboni ya 9 ama mahali pa kaboni ya 13. Tofauti ni nafasi hiyo tu. Ile ya 13 hupunguza utengenezaji wa aflatoksini. Ile ya 9 huuendeleza. Kuvu inazisoma ishara za mmea kwa sababu zinafanana mno na zake. Mmea unapojibu jeraha lake, jirani asiyetakiwa anasikia.

Kisa kimoja cha bakteria nacho kinafaa kutajwa. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliweka Aspergillus nidulans pamoja na bakteria mbalimbali wa udongo, wakiwamo wa jamii ya Streptomyces. Bakteria mmoja alipogusana na nyuzi za kuvu, kundi la jeni ambalo lilikuwa limelala likaamka na kutoa kemikali ambayo kuvu hiyo haikuitoa ilipokuwa peke yake. Kugusana ndiko kulikohitajika. Aspergillus moja inaweza kuwa na makundi ya jeni zaidi ya 50 ya namna hii, na mengi yao hayajawahi kuonekana yakifanya kazi maabara, kwa sababu maabara hakuna jirani wa kuyaamsha. Dawa zijazo huenda zimo humo, na udongo wetu wa Teso na Lango una majirani wa kutosha.

Shambani

Sasa rudi kwenye karanga, ukiwa na haya mkononi. Ganda la karanga hukomaa chini ya udongo, gizani. Mvua ikinyesha vizuri, punje inakuwa na maji ya kutosha kutengeneza kemikali zake za kujikinga. Ukame ukipiga katika wiki nne hadi sita za mwisho, na udongo ukapata joto la nyuzi karibu 28 hadi 30, punje inakauka kiasi cha kushindwa kujikinga, lakini haijakauka kiasi cha kuizuia kuvu. Joto lenyewe ni lile lile linalopendwa na swichi ya sumu. Mchwa au mdudu akitoboa ganda, mlango uko wazi. Yote haya hutokea kabla mkulima hajang'oa shina la kwanza, na ndiyo sababu punje safi kwa nje inaweza kuja sokoni na sumu tayari.

Baada ya kuvuna, vita ni vya maji. Karanga zikaushwe mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 7 au 8, mahindi hadi 13 hivi, na upesi, kwa kuwa kila siku ambayo punje iko nusu mbichi ni siku ya kuvu. Turubai ni bora kuliko ardhi tupu. Kuchambua punje zilizonyauka, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwani sumu imejaa katika punje chache. Kulowesha karanga maji ili zimenyeke kwa urahisi kunairudishia kuvu kile tulichohangaika kukiondoa. Kupika hakusaidii sana: aflatoksini huvumilia joto kali kuliko la sufuria yoyote ya jikoni. Na chakula kibovu kisipelekwe kwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu mwili wake huibadili B1 kuwa aflatoksini M1 na kuipitisha kwenye maziwa. Mama anayenyonyesha yuko katika hali hiyo hiyo.

Ndani ya mwili wetu, ajabu ni kwamba ini lenyewe ndilo linaloikamilisha sumu. Vimeng'enya vya ini, katika juhudi za kuisafisha, huigeuza aflatoksini kuwa kemikali yenye hamu kubwa ya kushikamana na vinasaba, hasa herufi G. Seli ikinakili vinasaba vyake, G hiyo inaweza kusomeka T. Mwaka 1991 iligundulika kwamba saratani nyingi za ini katika maeneo yenye aflatoksini zina kosa moja mahali pale pale, kwenye nafasi ya 249 ya jeni TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isigawanyike. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B yuko hatarini mara nyingi zaidi, maana virusi na sumu vinashambulia kiungo kimoja. Chanjo ya homa hiyo kwa mtoto ni kinga dhidi ya nusu ya tatizo.

Kuvu dhidi ya kuvu

Ikiwa sumu ni suala la jeni, basi lazima ziwepo kuvu ambazo jeni zake zimekatika. Zipo, tena nyingi, katika kila shamba. Wajapani wamezitumia kwa karne nyingi bila kujua jeni ni nini: Aspergillus oryzae, inayotengeneza mchuzi wa soya na miso, ni Aspergillus flavus iliyofugwa, na kundi lake la aflatoksini limeharibika.

Huko Arizona, Peter Cotty alipata aina iitwayo AF36 ambayo herufi moja tu katika aflC imebadilika, na mabadiliko hayo yanakatisha kimeng'enya katikati. Kwa herufi hiyo moja kiwanda kizima kimefungwa. Wazo likawa hili: mwaga aina isiyo na sumu shambani kabla yenye sumu haijatawala, iwahi chakula na nafasi. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, ililileta wazo hili Afrika kwa jina la Aflasafe. Kila nchi inatafutiwa aina zake zilizotoka kwenye udongo wake, kwa kawaida nne, zinapakwa kwenye punje za mtama zilizochomwa ili zisiote, kisha zinamwagwa kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla ya maua ya mahindi. Kenya na Tanzania wana za kwao. Sumu hupungua mara nyingi kwa asilimia 80 na zaidi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba aina hizi zinashinda kwa kunyang'anya chakula tu. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba kuna zaidi: nyuzi za aina isiyo na sumu zikigusana na zile zenye sumu mapema, zenye sumu huacha kutengeneza aflatoksini. Zikitenganishwa na kizuizi kinachopitisha maji na chakula lakini hakiruhusu mguso, athari hiyo hupotea.

Bado kuna maswali, na mkulima anayo haki ya kuyauliza. Mwaka 2009 iligundulika kwamba Aspergillus flavus, iliyoaminika kuzaa bila kupandana, ina jinsia mbili na hupandana ndani ya sklerotia udongoni. Je, aina isiyo na sumu inaweza kurudishiwa jeni nzima kwa njia hiyo? Kwa AF36, yenye kosa la herufi moja, hilo linawezekana kinadharia. Kupandana kwenyewe ni kwa polepole, kunachukua miezi, ilhali dawa hii inafanya kazi katika msimu mmoja, kwa hiyo sioni sababu ya kuiacha. Naona sababu ya kuchagua kwa makini. Aina zilizopoteza kundi zima ni salama kuliko zenye kosa dogo. Tena, pembeni kabisa ya kundi la aflatoksini, kwenye ncha ile ile ya kromosomu ya 3, kuna kundi jingine dogo linalotengeneza asidi ya siklopiazoniki, sumu nyingine. Kuna aina zisizotoa aflatoksini ambazo asidi hii bado zinaitoa. Kwa anayechagua aina za kumwaga mashambani Soroti au Kitgum, kupima aflatoksini peke yake hakutoshi. Kipande kinachotakiwa kuwa kimekosekana ni kirefu zaidi, kuanzia ncha ya kromosomu hadi kupita jeni ya mwisho ya makundi yote mawili.